Senene Ndani ya Rejeta

Siku Tata alipotutoka ilikuwa Jumamosi ya Novemba, mwaka 1974. Asubuhi hiyo mimi na Mama tulikuwa tumekaa uani, tukiwatoa senene, wale panzi wa kuliwa, mbawa na miguu. Vidole vyangu vilinata. Kwa desturi ya kwetu Uhayani, wanawake waliwaandaa senene lakini hawakuwala. Walaji walikuwa wanaume. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo ilikuwa imenichosha hadi kunichukiza.

Tata ndivyo tunavyomwita baba kwa Kihaya. Jina lake lilikuwa Damian. Alikuwa dereva wa Landrova kuukuu ya kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Nshamba. Gari hilo lilibeba kahawa, mbegu, na wagonjwa waliopelekwa hospitali Bukoba. Alfajiri hiyo, akirudi kutoka Bukoba, alikutana na kundi kubwa la senene barabarani. Alipofika nyumbani, mbele ya gari pote palikuwa kijani.

"Kokubanza," aliniita, "wamejaa kwenye rejeta. Hapo ndipo maji ya injini yanapopoa. Upepo usipopita, gari litachemsha. Watoe wote, mmoja mmoja. Mimi nalala kidogo, kifua kimenibana."

"Sawa, Tata."

Niliinama kutazama. Joto la injini lilikuwa limewapika nusu. Vichwa vilikuwa vimepasuka, matumbo yamemwagika, miguu imekwama katika vijitundu vya rejeta. Mmoja alikuwa bado akichezesha vipapasio vyake. Harufu ilinipanda puani nikakaribia kutapika. Nilitoa kama kumi hivi, nikashindwa. Nikachukua ndoo ya maji, nikayamwaga kwa nguvu kutoka mbele. Senene wa juu walianguka. Waliobaki walizama ndani zaidi, nami niliwaona wakizama. Kisha nikapangusa kwa jani la mgomba mpaka uso wa rejeta ukang'aa.

Nikaenda dirishani kwake. "Nimemaliza, Tata."

"Wote?"

"Wote."

"Vizuri, mwanangu."

Hayo yalikuwa maneno yetu ya mwisho. Mama alipompelekea chai, hakuamka. Mganga wa zahanati alisema ni moyo.

Baada ya matanga, kijiji kilimpa gari Rugaibula, kijana mchangamfu mwenye maneno mengi. Safari yake ya kwanza gari lilichemsha kwenye mlima wa kuelekea Muleba. Ya pili vilevile. Tena lilinuka. Kila injini ilipopata moto, ilitoka harufu ya nyama iliyooza ikiungua, na abiria wakaziba pua kwa kanga.

Shuleni, Joviana aliyekaa dawati moja nami alinicheka. "Kokubanza, baba yenu alikuwa anafuga nini kwenye injini? Jana nimepanda gari lile, ugali wa mchana wote nimeuacha njiani!"

Nilijua kinachonuka.

Jumatano yake nilikwenda dukani na Mama kununua chumvi. Rugaibula alikuwa barazani, hakutuona. "Damian ameniachia mzoga, jamani," alikuwa akisema. "Nimebadilisha mkanda wa feni, wapi! Feni yenyewe imekufa. Miaka yote alitudanganya kwamba analitunza gari."

Mama aliirudisha chumvi juu ya meza, akatoka. Tulipofika nyumbani aliniambia, "Tata wako alikuwa anaamka kabla ya jogoo kuangalia maji ya gari lile." Halafu akaingia ndani.

Mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba fundi Gamaliel wa Bukoba atakuja kulipima gari. Ikithibitika kwamba Damian aliliharibu, barua itaandikwa wilayani, na gari litarudishwa huko. Nilijua barua hiyo ingelibeba jina la Tata. Hata hivyo nilinyamaza.

Fundi alikuja Jumamosi. Alikuwa mzee mnene, taulo shingoni. Watu walikusanyika mbele ya ofisi ya kijiji, kila mmoja na ugonjwa wake wa kulitajia gari.

"Ngojeni," alisema. "Tuliulize gari lenyewe."

Kwa kuwa injini ilikuwa imepoa, alifungua mfuniko wa rejeta. Maji yalikuwa yamejaa, wala hayakuwa na mafuta juu yake. Alipapasa mipira ya maji, haikuvuja. Aliubonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba; haukulegea. Kisha akamwambia Rugaibula awashe injini.

"Feni hiyo inazunguka," alisema.

"Inazunguka, waitu, lakini imechoka," Rugaibula alijibu kwa heshima.

"Feni haichoki kama wewe." Watu wakacheka. "Nani ana karatasi?"

Nilikuwa na daftari langu. Nilichana ukurasa nikampa. Aliuweka juu ya uso wa rejeta, akauachia. Ukaanguka chini.

"Feni ikivuta upepo vizuri, karatasi hunata hapa," alieleza. Akauweka pembeni kabisa, juu. Pale ulinata. "Mmeona? Feni ni nzima. Ila katikati upepo hauna pa kupita. Zima injini."

Alichukua waya mwembamba, akauchomeka ndani ya kijitundu, akavuta. Ukatoka uji mweusi uliochuruzika, na ndani yake mguu wa senene. Wanawake waligeuka pembeni. Mzee mmoja alitema mate.

"Mbele pasafi, ndani jaa la takataka," alisema Gamaliel. "Aliyeosha hapa alikuwa anawasukuma ndani. Nani aliosha?"

"Damian," Rugaibula alisema haraka. "Si nilisema?"

Watu walitikisa vichwa. Mama aliinamisha uso. Niliona kama mimi ndiye ninayenuka, na kila mtu anaisikia harufu yangu.

"Ni mimi," nilisema.

"Sema kwa sauti, mtoto," alisema mwenyekiti.

"Ni mimi niliyeosha. Tata aliniambia niwatoe mmoja mmoja. Niliona kinyaa. Nikamwaga maji kutoka mbele, nikamwambia nimemaliza. Akalala akiamini ni kweli."

Hakuna aliyecheka. Gamaliel alinitazama, kisha akaninyooshea ule waya. "Basi njoo umalize."

Rugaibula alikwenda kuleta pampu ya kunyunyizia dawa mibuni, akaisuuza mara tatu, akajaza maji safi. Aliupitisha mpira wake upande wa injini, nyuma ya rejeta, akaanza kupiga pampu. Mimi nilipiga magoti mbele. Uchafu ulitoka kama usaha, ukanirukia mikononi na usoni. Nilitapika mara mbili kwenye majani, nikarudi. Kila kijitundu nilikipitishia waya. Kazi ilichukua mpaka jua likawa upande wa pili wa paa.

Fundi aliwasha injini, akachukua ukurasa uleule. Safari hii ulinata katikati, ukatetemeka, wala haukuanguka.

Rugaibula alijifuta mikono kwenye suruali, akamwendea Mama. "Mama Kokubanza, nimemsema marehemu vibaya. Nisamehe."

"Kawaambie na wale wa dukani," Mama alijibu.

"Nitawaambia, waitu."

Jioni hiyo alitupakia mimi na Mama, akaupanda mlima wa Muleba bila kusimama. Gari halikuchemsha. Tulipokuwa tukirudi, Mama alinishika mkono, ingawa ulikuwa bado unanuka.

"Kokubanza, kuona kinyaa si kosa," alisema. "Ungemwambia Tata umeshindwa, angeamka akawatoa mwenyewe, au angenituma mimi. Kosa ni kusema umemaliza. Kazi uliyoisema imekwisha, hakuna mtu atakayeiangalia tena. Inaoza hapohapo, na anayelaumiwa ni mwingine."

"Na Tata, Mama? Yeye nitamwambiaje?"

"Umekwishamwambia leo, mbele ya watu."

Sasa niko kidato cha pili. Jumamosi za msimu wa senene, Rugaibula huegesha gari uani kwetu, nami huosha rejeta, nikianzia nyuma.