Chiriku na Maneno Yake Mwenyewe

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia kazini kwa baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Baba yake alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kirefu ukutani, na feni iliyozunguka huku ikilalamika. Chiriku alifagia nywele sakafuni, na mdogo wake wa kiume, aliyekuwa darasa la kwanza, alimshikia kizoleo. Jina la Chiriku alipewa na bibi yake kwa sababu ya kuongea bila kituo. Mdogo wake aliitwa Mwangwi, kwa kuwa kila alichosikia alikirudia neno kwa neno, hata yale ambayo wageni hawakupaswa kuyajua.

Muhula ule Chiriku alikuwa na furaha isiyofichika. Wazazi wake walikuwa wameahidi kwamba likizo ikifika, familia nzima ingepanda ndege kwenda kumtembelea bibi, mama yake mama. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda ndege. Chiriku alikwisha kujichagulia kiti cha dirishani, na habari hizo alimpa kila mtu darasani, pamoja na wale ambao hawakuuliza.

Kumbe mwalimu wao alikuwa na mpango wake. Alitangaza mdahalo wa kuelekea mwisho wa muhula, na mada ilikuwa kwamba watu waache kusafiri kwa ndege pale wanapoweza kufika kwa njia nyingine. Wasemaji wakaokota vikaratasi. Chiriku alipokifungua chake alikuta ameangukia upande wa kuunga mkono mada. Aliomba abadilishiwe, mwalimu akakataa huku akitabasamu.

Angeweza kusema maneno mawili matatu akakaa. Lakini Chiriku hakupenda kushindwa, hata katika kuruka kamba. Akaenda maktaba, akasoma, akamsumbua mwalimu kwa maswali. Akajifunza kwamba ndege huchoma mafuta mengi mno, hasa inapopaa, hivyo safari fupi haina nafuu kama watu wanavyodhani. Akajifunza kwamba moshi wake huacha hewa ya ukaa juu angani, na hewa hiyo huifunika dunia kama blanketi na kuizidishia joto. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba watu wengi duniani hawajawahi kupanda ndege maisha yao yote, ila joto linawachoma wao pia.

Mazoezi aliyafanyia dukani. Hapakuwa na mahali pazuri zaidi, maana mtu aliyefungwa kitambaa shingoni huku nusu ya kichwa imenyolewa hawezi kukimbia. Chiriku alisimama mbele ya kioo, ufagio mkononi, akahutubia. Siku moja baba alinogewa hata akasahau kazi. Mashine ikaendelea kunguruma hewani, na mteja, fundi bomba mmoja mnene mwenye sauti nzito, akakaa na kichwa chake cha nusu kwa nusu mpaka Chiriku alipomaliza hoja ya mwisho. Fundi bomba aliuliza kwa upole kama nywele zilizobaki zilikuwa na mdahalo wao. Watu walicheka hadi machozi.

Siku ya mdahalo ilipofika, Chiriku alizungumza kama maji ya bomba lililopasuka. Upande wa upinzani ulisema ndege huokoa muda. Yeye akajibu kwamba ndege imwokoe mgonjwa mahututi, na ivuke bahari pasipo na njia nyingine, lakini anayekwenda kusalimia ndugu anaweza kupanda treni iliyobeba mamia ya watu kwa pamoja, na anayetaka mkutano tu anaweza kuongea kwa simu ya video bila kutoka nyumbani. Upande wake ukashinda. Baba na mama, waliokuwa wameketi nyuma ya ukumbi, walipiga makofi kuliko wote.

Jioni ile mezani, baba alikohoa kidogo kama mtu mwenye jambo. Akasema kwamba yeye na mama wamezungumza, na kwamba binti yao amewafungua macho. Tiketi za ndege wameziacha, na njiani kutoka shuleni wamenunua za treni. Watakwenda kwa bibi kwa treni. Safari itachukua siku nzima, lakini njia ipo, tena nzuri. Mwangwi aliruka juu ya kiti akiimba, "Treni, treni."

Chiriku alisukuma sahani yake kando. Alioga haraka, akajifunika shuka gubigubi, akalia kimyakimya. Ndege yake ilikuwa imepotea, na aliyeipoteza ni yeye mwenyewe.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Alifagia duka kimya, mpaka baba akauliza kama kuna mtu amemwibia chiriku wake. Hapo hakuweza kuvumilia tena.

"Baba, naomba unisamehe," alisema. "Yale niliyoyasema kwenye mdahalo, niliyasema ili nishinde tu. Mimi bado naitaka ndege."

Baba alizima mashine. Hakukuwa na mteja.

"Yalikuwa uongo?"

"Hapana. Yote nimeyasoma, na mwalimu ameyakagua."

"Kwa hiyo maneno ni ya kweli, ila msemaji hayamo moyoni mwake."

Chiriku aliinamisha kichwa. Baba naye akakaa kwenye kiti cha wateja, akacheka kidogo. "Hata mimi niliitaka, mwanangu. Nilikwisha kununua viatu vya kupandia ndege. Sasa sikiliza. Tiketi za treni zinaweza kurudishwa hadi leo jioni. Fikiri, halafu uje uniambie unachoamini wewe mwenyewe. Utakachosema ndicho tutakachofanya, na sitakuwa na kinyongo."

Chiriku alikwenda nyumbani mbio. Alijua la kufanya: angetayarisha hotuba mpya, ya kutetea ndege, kali kuliko ya kwanza. Alimkalisha Mwangwi kitandani awe msikilizaji, akasimama wima.

"Kwanza," alianza, "ndege inafika upesi."

Mwangwi alijibu bila kupepesa jicho. "Anayekwenda kusalimia ndugu ana haraka ya nini?"

"Lakini ndege moja tu haiwezi kuharibu hewa ya dunia nzima."

"Kila abiria akisema hivyo, anga itajaa ndege moja moja."

Chiriku alimkodolea macho. Hayo yalikuwa maneno yake ya mazoezi dukani, na Mwangwi alinyoosha hata kidole juu kama alivyokuwa akifanya yeye. Alijaribu hoja ya tatu kuhusu raha ya kuona mawingu, na Mwangwi akamuuliza, kwa sauti ileile ya dada yake, nani atalipa joto la raha hiyo. Alikuwa amepata mpinzani mgumu, na aliyemfundisha ni yeye. Mwishowe aliketi sakafuni akaanza kucheka, Mwangwi akacheka kwa kuwa dada anacheka, mama akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

Kabla jua halijazama, Chiriku alirudi dukani akamwambia baba asizirudishe tiketi. Safari hii hakuna aliyemchagulia upande. Jumatatu aliwaambia wenzake darasani kwamba ile ndege aliyowasumbulia masikio haipo tena, na sababu akawaeleza. Wachache walimcheka. Alicheka nao, mambo yakaisha.

Siku ya safari treni iliondoka asubuhi na mapema. Baba alivaa viatu vyake vya ndege. Chiriku alipata kiti cha dirishani alichokuwa akikiota, ila hiki kilionyesha mengi kuliko mawingu: mashamba ya alizeti, daraja refu juu ya mto, watoto waliopunga mikono kando ya reli mpaka wakawa wadogo kama punje. Mama alifungua kikapu cha chakula, jirani wa kiti cha mbele akaleta machungwa, na kabla ya adhuhuri behewa zima lilikuwa linataniana.

Ghafla sauti nzito ikatoka nyuma yao. "Kinyozi, leo umekuja kumalizia nusu iliyobaki?"

Alikuwa yule fundi bomba, pamoja na mkewe. Walikuwa wanakwenda kumwona binti yao aliyejifungua. Fundi alimgeukia Chiriku. "Sisi tulikuwa twende kwa ndege. Lakini siku ile sikuweza kukimbia, ikabidi nisikilize. Nikaona kasichana kana haki."

Chiriku alijawa na furaha mpaka masikio yakamwaka moto. Papo hapo akaingiwa na aibu kidogo, akamnong'oneza baba kwamba siku ile hata yeye mwenyewe alikuwa hajajishawishi.

Baba alimvuta karibu. "Ndiyo maana nilikuachia uchague. Kusema vizuri ni kipaji, mwanangu, na unacho. Lakini ukimwambia mwenzako njia ya kweli, nawe uwe tayari kuifuata hata inapokunyima unachokitamani. Hapo ndipo maneno yako yatakuwa na uzito. Na dunia hii tunaishi wengi. Hatuwezi kuichafulia wengine hewa kwa sababu sisi tuna haraka."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Kwa mbali ndege moja ilikuwa inapita juu. Aliitazama, akaona bado anaipenda, akarudi kuchungulia mashamba.

Walifika jua likielekea kuzama. Bibi alikuwa amesimama kituoni, amevaa khanga mpya, akitafuta nyuso zao dirisha kwa dirisha. Aliwakumbatia wote, kisha akauliza kwa utani, "Haya, mlinitangazia ndege. Imeanza lini kutembea kwenye reli?"

Kabla Chiriku hajafungua mdomo, Mwangwi alipanda juu ya begi, akanyoosha kidole juu, akatangaza mbele ya kituo kizima, "Ukimwambia mwenzako njia ya kweli, nawe uwe tayari kuifuata."

Bibi alishika kiuno kwa mshangao. "Wewe, mtoto mdogo hivi, nani kakufundisha maneno hayo?"

Mwangwi alifikiri. Baba ndiye aliyeyasema, lakini kidole cha Mwangwi kilimwelekea Chiriku. "Dada," alisema. "Kayafanya."