Nyumba Isiyokuwa na Dohani

Kila siku baada ya masomo, Kobe alipitia chumba cha kushonea cha shangazi yake. Aliokota pini sakafuni, kisha akakaa karibu na dirisha kufumua mishono ya nguo zilizoletwa kurekebishwa. Jina la Kobe alipewa na wenzake, kwa sababu kila kazi ya darasani alikuwa wa mwisho kuimaliza. Shangazi naye hakuwa mtu wa pupa. Alipima kitambaa, akapima tena, ndipo akashika mkasi, na mtaa mzima ulijua kwamba koti la mkono wake hukaa vizuri mabegani.

Siku hiyo Kobe hakuokota pini. Alimpa shangazi barua ya shule, akageukia ukutani. Shangazi aliitazama ile barua kwa muda mrefu, kisha akamwomba amsomee. Alisema miwani yake imepotea, ingawa ilikuwa juu ya kichwa chake.

Barua ilieleza kwamba wanafunzi wa darasa la sita walipewa jaribio la akili: maswali sitini kwa nusu saa. Kobe alikuwa amepata alama za chini kabisa. Kuanzia wiki iliyofuata angehamia chumba cha nyuma, ambako watoto hawakufundishwa hesabu wala sayansi, bali walifuma mikeka tu. Baba yake, fundi bomba, alikuwa ameisoma asubuhi. Alisema walimu ndio wanaojua, akabeba vifaa vyake akaenda kazini.

"Shangazi, mimi ni mjinga?"

Shangazi aliondoa mguu kwenye cherehani. Kisha akamsimulia jambo ambalo hata kaka yake, baba wa Kobe, hakuwahi kulisikia. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, familia yao ilikuwa imehamia mji huo majuzi tu, na lugha ya shuleni alikuwa bado anaibabaisha. Akaja mgeni aliyevaa tai, na karatasi zenye picha. Moja ilikuwa picha ya nyumba, akaambiwa achore kilichokosekana. Aliikagua. Ilikuwa na paa, mlango na madirisha, lakini haikuwa na mtu. Basi akamchora mama mlangoni.

Jibu lililotakiwa lilikuwa dohani, lile bomba la kutolea moshi juu ya paa. Hakuwa amewahi kuliona maishani mwake. Alipewa namba iliyodaiwa kupima akili yake, na kwa namba hiyo akaondolewa shule kabla hajajua kusoma vizuri.

"Nikaamini," alisema. "Watu wakizungumza mambo ya maana, nanyamaza. Kuna mtu mwema alitaka kunioa, nikamkataa. Niliogopa siku moja atanigundua."

Kesho yake shangazi alifunga chumba cha kushonea, akafuatana na Kobe hadi shuleni. Mwalimu wa hesabu aliwakaribisha viti. Shangazi aliomba mtoto apewe maswali yaleyale, bila saa.

Mwalimu alikubali. Kobe alikaa na karatasi zile kwa muda wa vipindi viwili, akapata hamsini na tatu. Ndipo mwalimu akalitoa jaribio la kwanza na kulipitia upya. Kobe alikuwa amefikia swali la ishirini na mbili tu, na katika hayo alikosa moja.

"Niliangalia jumla, sikuangalia kazi yake," mwalimu alikiri. "Hapa nimekosa mimi. Atabaki darasani kwangu."

Shangazi alishukuru, lakini hakuinuka. Kwa sauti ya chini akauliza kuhusu ile picha ya nyumba. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu mezani. Alimweleza kwamba majaribio hayo yalianza zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mtaalamu mmoja wa Ufaransa aliyatunga ili kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi shuleni, na yeye mwenyewe alionya kwamba akili haipimwi kama urefu wa mtu. Wengi waliomfuata walilipuuza onyo hilo. Wakazitumia namba kuwafungia watu milango, hasa maskini na wageni wasioijua lugha ya maswali.

"Kwa hiyo jibu langu halikuwa la kijinga?"

"Halikuwa, mama. Uliulizwa kitu usichowahi kukiona."

Shangazi aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondoka bila sauti. "Miaka arobaini na miwili," alisema. Kobe akamshika mkono.

Mwalimu akamgeukia Kobe.

"Mwanangu, jaribio huonyesha ulichofanya siku moja, kwa maswali fulani, kwa muda fulani. Likionyesha umekwama, kazi yetu ni kukusaidia pale ulipokwama. Tukilitumia kukwambia wewe ni nani, tumekosea, na kosa hilo mtu anaweza kulibeba maisha yake yote."

Maneno alimwambia Kobe, lakini macho yake yalikuwa kwa shangazi.