Pipa la Vichwa, Pipa la Miguu

Kila siku, Ummy alipotoka madrasa alipita kwanza nyumbani kwao Gongoni. Alikula, akaosha vyombo, kisha akamwomba mama yake ruhusa ya kwenda bustanini.

“Nenda, ila urudi kabla ya magharibi,” mama alimwambia. “Na hizo rangi zako uziache hukohuko. Gauni hili si ukuta.”

Bustani mpya ya mapumziko ilikuwa ikijengwa mtaa wa pili, mahali palipokuwa jalala. Bembea zilikuwa zimekwisha kufungwa na mabenchi yalikuwa tayari, lakini kilichozungumzwa zaidi mtaani kilikuwa mapipa ya Fundi Nurdini. Fundi huyu, mchora mabango wa Isevya, alichukua mapipa matupu ya mafuta ili ayapachike matatu matatu kwenye nguzo za chuma, moja juu ya jingine, kila moja likizunguka peke yake. Pipa la juu lingechorwa vichwa vya watu wanne, la kati viwiliwili vyao, na la chini miguu yao. Watu hao walikuwa mpagazi wa misafara ya zamani, mwenye duka wa Kihindi, mama muuza asali na mwanafunzi wa leo. Yeyote atakayefika angezungusha mapipa na kujitengenezea mtu wake: kichwa cha mpagazi, tumbo la mwenye duka, miguu ya mwanafunzi.

“Mtu akija hapa na huzuni zake,” Fundi alisema, “nataka acheke kabla hajakaa.”

Nguzo ya kwanza walipewa wanafunzi wa darasa la sita wa shule ya Ummy. Ummy hakuwa na shaka nani angechora vichwa. Tangu darasa la pili yeye ndiye aliyeitwa kuchora ramani ubaoni, na kadi za Idi za mtaa mzima zilipitia mikononi mwake. Lakini mwanzoni mwa mwaka alihamia msichana kutoka Igunga, jina lake Recheli, akaishi na shangazi yake. Msichana huyo alikuwa akichora uso, unatamani kuusalimia.

Fundi alitazama michoro yao, akaitazama tena. “Recheli, vichwa. Sadiki, viwiliwili. Ummy, wewe miguu.”

Miguu! Ummy alihisi masikio yanawaka. Jioni alimweleza mama yake, naye mama akacheka.

“Sasa bila miguu hicho kichwa kitakwenda wapi?”

Ummy hakucheka. Alikuwa ameingiwa na ile roho ya kwa nini. Kwa nini yeye? Kwa nini mgeni? Kibaya zaidi, Recheli hakuringa hata kidogo. Alimgawia Ummy karanga zake, akasifu kandambili alizomchorea mama muuza asali. Wapita njia walisimama kutazama vichwa, wakasema, “Mtoto huyu ana mkono!” Kila sifa ilimchoma Ummy kama mwiba wa kidoleni, na miguu yake hakuna aliyeiuliza.

Fundi alikuwa amewaonya jambo moja. Kwenye ukingo wa kila pipa alipiga alama za chaki, akizipima kwa kijiti kimoja. “Kila shingo iwe na upana huu, ili kichwa chochote kikae juu ya mabega yoyote. Mkikosea hapa, mtu hapatikani.”

Siku ambayo Recheli alikuwa amemaliza nyuso na kubakiza shingo, yeye na Sadiki walikwenda bombani kuosha brashi. Ummy alibaki peke yake kwenye banda la kuchorea. Alilowesha kitambaa, akafuta alama za pipa la vichwa, akapiga nyingine zilizosogeleana zaidi. Kesho yake Recheli alizifuata alama zile kwa uangalifu wote, akazifunika kwa rangi.

Siku ya kujaribu ikafika. Wajenzi waliinua mapipa na kuyapachika kwenye nguzo. Fundi alizungusha la juu, likasimama juu ya mabega ya mpagazi. Shingo ilikuwa nyembamba kama bua la mtama, na kichwa kimekaa juu yake kama boga. Akajaribu mwenye duka. Vilevile. Wajenzi wakaangua kicheko.

“Huyu akitwishwa mzigo si atavunjika shingo!” mmoja alisema.

Fundi hakucheka. “Recheli, alama nilikupigia. Mbona hukuzifuata?”

“Nilizifuata, Fundi.”

“Nilizipima mwenyewe, mwanangu. Kosa hurekebishwa, lakini usiongeze uongo juu yake.” Akageuka. “Ummy, kesho utapaka rangi juu ya vichwa hivi uvichore upya. Recheli atamalizia miguu.”

Basi Ummy akapata alichokitaka. Nyumbani mama alimpongeza, akampikia wali kwa nazi, lakini Ummy aliacha nusu sahani. Alijiambia atazoea.

Kesho yake alimkuta Recheli amekwisha kumpangia brashi, kuanzia nene hadi nyembamba. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Hii ndogo ni ya kope,” Recheli alisema. “Chukua zote. Mimi miguu sitaichora. Mwambie Sadiki amalizie.”

“Kwa nini?”

“Macho yangu yana kasoro, Ummy. Zile alama niliziona kabisa, nikazifuata. Kama hazikuwa pale nilipoziona, basi macho yananidanganya. Jana nilichora mistari miwili nyumbani, nikaipima kwa rula. Ilikuwa sawa. Lakini sasa hata rula siiamini.” Alijifuta uso kwa kiganja. “Shangazi atanipeleka hospitali wiki ijayo. Amesema nisishike tena brashi. Afadhali uchore wewe mwenye macho mazima.”

Ummy alitazama brashi zile zilizopangwa. Alikuwa ametaka Recheli achekwe kidogo tu, basi. Sasa mtu mwenye jicho zuri kuliko darasa zima alikuwa haamini anachokiona.

“Macho yako hayana kitu,” alisema. “Ni mimi. Nilifuta alama nikapiga nyingine. Nilikuonea wivu.”

Recheli alimkodolea macho. “Wewe? Na jana ulisimama palepale naitwa mwongo, ukanyamaza?”

“Nilinyamaza.”

“Usiku kucha nimelia nikidhani nitapofuka!” Recheli alimpa mgongo, akaenda kukaa peke yake kwenye bembea.

Ummy alikwenda kwa Fundi Nurdini, akamsalimu, “Shikamoo, Fundi,” na kabla hajaitikiwa akamwaga yote. Fundi alisikiliza hadi mwisho. Uso wake ulikuwa mzito.

“Marahaba,” alisema hatimaye. “Jana nimemwita mtoto wa watu mwongo mbele ya kadamnasi. Mimi nitamwomba radhi mbele ya watu walewale, na wewe utasema mbele yao ulichofanya.”

Wajenzi waliitwa. Fundi alimwomba Recheli radhi waziwazi, kisha Ummy akasema maneno yake kwa sauti ya kusikika. Aliona aibu hadi akatamani ardhi ipasuke. Safari hii hakuna aliyecheka.

“Tuvifute vichwa tuanze upya?” Sadiki aliuliza.

Recheli alilizunguka pipa polepole. “Hapana. Tutanenepesha shingo. Mpagazi tumfunge kitambaa, mwenye duka tumpe kola, mama wa asali tumvishe shanga, na mwanafunzi avae skafu ya skauti.” Akachukua chaki, akamtupia Ummy. “Alama piga wewe. Mimi nitazipima.”

Ummy alizipiga zote. Recheli akazipima moja baada ya nyingine kwa kijiti cha Fundi, hakuruka hata moja.

Siku ya ufunguzi bustani ilifurika. Mzee mmoja mwenye kanzu alijitengenezea mpagazi mwenye miguu ya mwanafunzi, viatu vya mpira na soksi ndefu, akacheka hadi kofia ikamdondoka. Watoto walipanga foleni wakisukumana. Mtu alipouliza nani kachora vichwa, Ummy alinyoosha kidole. “Yule pale. Anaitwa Recheli.” Neno hilo bado lilimuuma kidogo, lakini alilisema.

Fundi Nurdini, aliyekuwa karibu, alilisikia. Aliwaita wote wawili, akawapa juisi ya miwa.

“Ummy, wivu humwingia kila mtu, hata mimi nina mchora mabango mwenzangu ananinyima usingizi,” alisema. “Lakini ukimharibia mwenzako, kipawa chake hakihamii kwako. Yeye anakipoteza na wewe hukipati. Mtu akikuzidi, mkaribie ujifunze.”

Ummy alikunywa juisi yake akiwaza. Kisha akamgeukia Recheli, ambaye kwa siku zote zile alikuwa akimjibu kwa mkato tu.

“Reche, utanifundisha kuchora pua?”

Recheli alimaliza juisi yake, akaweka glasi chini, kisha akasogea kwenye benchi na kumwachia nafasi.

“Leta karatasi,” alisema.