Upande wa Pili wa Tanga

Duka la vitambaa lilifurika watu, na mtengeneza sanamu wa jumba la makumbusho alitaka kutoka upesi. Akashika jora la kitambaa kizito cha rangi ya udongo, akavuta. Jora halikuja. Upande wa pili lilikuwa limeshikwa na mwanamke aliyevaa gauni la bluu, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Kaka, unamshonea nani nguo nzito hivi?"

"Mnyama. Ana tanga mgongoni."

Akamweleza palepale, huku watu wakiwapiga vikumbo. Mnyama huyo alikuwa mla majani aliyeishi kabla ya dinosaria, mwenye kichwa kidogo, tumbo kama pipa, na miiba mirefu ya mifupa mgongoni, yenye vinundu, iliyotandwa ngozi.

"Mjusi, basi."

"Wote husema hivyo. Ni ndugu wa mbali wa wanyama wanaonyonyesha. Binamu yetu, dada."

"Wako wewe. Na tanga la nini?"

"Hakuna ajuaye kwa hakika. Labda kumvutia mwenzake."

"Maskini. Mzigo wote huo, kisa mchumba."

"Wengine hatuna hata tanga," alisema, kisha akaona haya.

Mwanamke alicheka, akaachia jora. Alikuwa fundi cherehani. Tanga, alisema, angelishona yeye.

Nyumbani kwake mwanamume huyo palikuwa na viti viwili, kimoja cha kukalia, kingine cha kurundikia nguo. Tangu mama yake afariki, aliongea na mifupa kuliko watu. Sasa kila jioni alimpigia fundi simu.

"Binamu yako hajambo?"

"Hajambo. Anakuulizia."

"Yeye tu?"

"Na mimi, mpenzi."

Neno lilimtoka lenyewe. Upande wa pili kikaja kicheko, na usiku ule alilala na furaha aliyokuwa ameisahau.

Sanamu ilipovishwa tanga, lilipwaya. Mkuu wa jumba alikunja uso, kwani wageni walikuwa wanakuja kesho yake. Bwana wetu wa sanamu, mtu asiyevumilia mkunjo, akachukua mkasi, akapunguza na kukaza mpaka kila kinundu kikaonekana. Kumpigia fundi hakukumjia akilini.

Siku ya ufunguzi fundi alikuja na gauni la kijani alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Aliizunguka sanamu akitabasamu, mpaka alipoufikia mshono.

"Nani kakata?"

"Mimi. Lilikuwa linapwaya."

"Niliacha nafasi makusudi. Kitambaa hiki hunywea na kupungua kikipata unyevu." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kwa mizaha unanipigia kila siku. Kwa kazi yangu ukakosa simu?"

"Nilikuwa na haraka."

"Basi kaa na haraka yako."

Fundi akaondoka. Usiku mwanamume alimpigia simu, haikupokelewa. Akapiga tena jioni zilizofuata, mpaka akaona aibu. Akarudi kwenye kiti chake kimoja. Upweke wa sasa ulimuuma kuliko ule wa zamani, kwa kuwa sasa alijua alichokosa.

Dada yake alipopiga, alimsimulia.

"Ukakata mshono wa fundi bila kumwambia?" dada akashangaa. "Ndiyo maana unazeeka peke yako. Nenda kamwombe radhi, mdogo wangu. Na usimpe maelezo."

Mvua zikaja, unyevu ukaingia jumbani, kitambaa kikanywea na tanga likapasuka penye vinundu. Mwanamume alikwenda kwenye chumba cha fundi cha cherehani, akasimama mlangoni.

"Nimekosa," alisema. Maelezo alikuwa nayo tele, akayameza.

Fundi alimaliza mshono wake kwanza. "Limepasuka?"

"Limepasuka. Hata lingekuwa zima, ningekuja."

"Ungechelewa zaidi," alisema, akachukua sindano.

Kule jumbani walishona wakiwa wamesimama pande mbili za tanga, nalo liliwapita kimo, hawakuonana. Fundi alipitisha sindano kati ya miiba, naye mwanamume akaivuta na kuirudisha.

"Nyumbani kwangu kiti cha pili nimekitoa nguo," hatimaye alikiambia kitambaa. "Nataka uje ukikalie. Nataka uwe mke wangu."

Sindano haikuja. Alisubiri, mkono ukiwa hewani, akasikia mvua juu ya paa. Akaiona akilini nyumba yake, chumba cha mama, na simu isiyopokelewa. Akaanza kuushusha mkono.

Ncha ya sindano ikachomoza.

"Vuta taratibu, mchumba," ilisema sauti ya upande wa pili. "Safari hii tuache nafasi."