Dari ya Chumba cha Chini

Jioni fundi Ngumbao aliacha futi sita na nusu kutoka sakafuni hadi darini. Asubuhi akapima, akapata tano na nusu.

"Umepima vibaya," Hamdan akamwambia. Hamdan hakosei, hukosea wenzake tu. Ndiye huyo bwana wa Mji wa Kale aliyeamua kumshusha mamake mzazi katika ghala la chini ya nyumba, ili vyumba vya juu apangishe watalii. "Mama ni mfupi, patamtosha," aliwaambia majirani, hana hata haya.

Bi Fairuz, mamake, hakuingia ghalani humo maishani mwake ila ameinama mlangoni na kuwasalimu wenyewe. Mwanawe alicheka. Majini gani hao wa kuishi na panya?

Boriti za dari hazinyanyuki, basi sakafu ikachimbwa tena. Udongo ukajaa uani, ngazi ikaongezwa vidato, na kila asubuhi kipimo ni kile kile, tano na nusu. Harufu ya udi ikaanza kutoka shimoni, na hakuna aliyefukiza.

"Mimi basi, Bwana Hamdan," Ngumbao akanong'ona, akikusanya vyombo vyake. "Waombe radhi wenyewe."

"Niiname? Nyumbani kwangu?"

Adhuhuri hiyo, kitanda cha mamake kikiwa tayari kimeteremshwa hadi ngazini, shujaa wetu akashuka peke yake na utepe wa kupimia, kichwa juu, bila salamu, na alipofika katikati akasikia boriti zikilia moja baada ya moja, kisha mti ukamgusa utosi, ukamkalia shingoni, ukamshusha taratibu hadi magoti, hadi viwiko, hadi kidevu kikazama katika udongo aliouchimbisha mwenyewe, na sauti iliyomtoka ikawa ya mtoto anayemwita mamake.

Bi Fairuz alikuja. Akainama mlangoni.

"Asalaam aleikum, wenyewe. Niachieni mwanangu, hana adabu."

Akamvuta kwa kanzu, akampandisha hadi barazani, juani. Hamdan akabaki amepinda vile vile.

"Simama, mwanangu. Tushatoka."

"Siwezi, mama. Dari ipo papa hapa juu."

Mama akatazama juu, akaona mbingu tupu. Akanyoosha mkono ampapase kichwa. Vidole vyake vikagonga mti.

Bi Fairuz akainama, akasalimu.