Siyu Hakuna Mkunga

Nyumbani kwetu Siyu kazi ya asubuhi ni kusuka ukili wa mikeka. Mama hukaa uani kwenye kivuli cha ukuta akasuka. Mimi hukaa kando yake nikachambua miyaa, yale majani ya kusukia. Wifi yangu Mwanatumu husuka pia, lakini wakati huo tumbo lake lilikuwa limekuwa kubwa. Alisuka kidogo, akanyoosha miguu, akasuka tena.

Mwanatumu ni mke wa kaka yangu Ridhwani, mshona viatu. Mimba hiyo ilikuwa ya pili. Mtoto wa kwanza alizaliwa mzima, akanyonya vizuri. Kabla ya wiki mbili taya zake zilikaza. Akashindwa kunyonya, mwili ukawa mgumu kama ubao, akafa. Watu walisema ni dege, yule pepo wa watoto wachanga. Mwanatumu alizikunja nguo za yule mtoto akaziweka.

Kila siku jirani yetu Bi Hadia aliingia kumtazama. Bi Hadia, mke wa Bwana Jeilani, ni mkunga. Mimi nilizaliwa mikononi mwake, na kaka Ridhwani pia. Alikuwa akilipapasa lile tumbo akasema kwa Kiamu chake, "Kitwa ki tini, mwanangu. Lala usingizi." Yaani kichwa cha mtoto kiko chini, panapotakiwa.

Asubuhi moja hakuja. Ya pili yake hakuja. Mama akanituma.

Nilibisha hodi. Sauti ikauliza, "Nani?"

"Mimi Kadija."

"Uko peke yako?"

Mlango ulifunguka kidogo tu. Bi Hadia alichungulia kushoto na kulia.

"Rudi kwenu," alisema. "Mwambie mamako mimi si mkunga tena."

"Tangu lini, Bi Hadia?"

"Tangu yana."

Akafunga mlango. Nilibaki njiani nikitazama mbao. Sikuelewa. Nilirudi nikamwambia Mama vile vile nilivyoambiwa.

"Mtu huacha ukunga kama anayeacha tambuu?" Mama aliuliza. "Amegombana na nani?"

Kufikia adhuhuri tulikuwa na habari tatu, na hazikupatana. Mwanamke aliyekuja kuazima chungio alisema serikali imepiga marufuku kuzaa nyumbani. Wa pili alisema kuzaa ni ruhusa, ila mkunga atafungwa. Wa tatu alisema kila mwenye mimba atapelekwa Lamu hospitali, atake asitake.

"Lamu?" Mwanatumu aliuliza. "Maji ya bahari yakitoka, kwenye mlango wa bahari wa Siyu hata mtumbwi hauelei. Nitauambia uchungu ungoje maji yajae?"

Kaka Ridhwani aliporudi kula, Mama alimuuliza. Kaka alitazama sahani yake.

"Mpiga mbiu amesema mkunga asiyejulikana na serikali asizalishe," alijibu. "Akizalisha, atashtakiwa."

"Bi Hadia hajulikani? Nani asiyemjua?"

Kaka alisukuma sahani kando. Kisha akaeleza. Mwezi uliopita wanaume waliitwa barazani Faza. Bwana Mudir, mkubwa wa serikali huko, aliwauliza wakunga wa kila mji ni nani, ili wakafundishwe Lamu na kupewa ruhusa. Watu wa miji mingine walijibu.

"Na nyinyi?"

"Tulisema Siyu hakuna mkunga."

Mama aliuweka ukili chini.

"Mama, usinitazame hivyo," kaka alisema. "Barazani kuna wanaume wa kila upande. Nitasimamaje nitaje jina la mke wa Bwana Jeilani mbele yao? Bwana Jeilani mwenyewe alikuwepo, na hakusema. Tena tulidhani wanatafutwa wakafungwe. Tulimsitiri."

"Mmemsitiri mpaka mmemfuta," Mama alisema.

Mimi bado sikuelewa. Siyu imejaa watoto. "Kaka," niliuliza, "Mudir hakuuliza sisi tunazaliwaje?"

"Aliuliza."

"Mkamjibu nini?"

"Mzee mmoja alisema, kwa uwezo wa Mungu."

Mwanatumu alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akaanza kulia. Sikujua nicheke naye au nilie naye. Nilimletea maji.

Siku chache baadaye alikuja Siyu nesi kutoka Lamu, kuchanja watoto ndui. Jina lake Bi Umulkheir. Mama alimkaribisha nyumbani ampime Mwanatumu. Nesi alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa. Alipomaliza, tulimmwagia maswali yetu yote kwa pamoja.

"Pole pole," alisema. "Hakuna aliyekataza kuzaa nyumbani. Mwanamke mwenye afya, mtoto aliyekaa vizuri, anaweza kuzaa kwake. Linalotakiwa ni mkunga aliyejulikana na kufundishwa. Siyu imeandikwa kuwa haina mkunga, ndiyo maana hakuna aliyeitwa."

"Basi wewe ukamwambie Mudir," Mama alisema.

"Mimi nikisema, ni nesi mmoja wa Lamu. Nyinyi ndio mnaozaa. Semeni nyinyi."

"Tukaseme barazani, mbele ya wanaume?"

"Yeye na aje kwenu. Akae dakani pale mbele ya mlango, kwenye viti vya mawe. Nyinyi mkae ndani nyuma ya mlango. Mnazungumza hivyo na kila mgeni. Kwani Mudir si mgeni?"

Hilo hatukuwa tumelifikiria. Mama alitikisa kichwa, wala sikujua ni kwa kukubali au kwa kukataa.

Kisha nesi alimuuliza Mwanatumu juu ya mtoto wa kwanza. Mwanatumu alieleza yote. Taya, mwili, siku zile.

"Kitovu chake kilipakwa nini?"

Mwanatumu alimtazama Mama. Kwetu mama wa mume ndiye anayetengeneza dawa ya kitovu. Hukwangua masizi ya chungu, akayachanganya na mafuta.

"Masizi," Mama alijibu mwenyewe.

"Ule ugonjwa si dege, mama yangu," nesi alisema. "Ni pepopunda. Hukaa kwenye uchafu, kwenye udongo, kwenye jivu, kwenye wembe ambao haukuchemshwa. Hauonekani kwa macho. Huingia kwa kile kidonda cha kitovu."

"Sisi sote tulipakwa masizi," Mama alisema. "Tukaishi."

"Wengi waliishi. Mimi nawasemea ambao hawakuishi."

Mama aliinuka akaingia ndani. Alikaa huko mpaka nesi alipoaga.

Mimi nilichanganyikiwa zaidi kuliko mwanzo. Ikiwa Bi Hadia ndiye aliyemkata kitovu mtoto yule kwa wembe, kwa nini tumtafute tena? Nilimuuliza Mwanatumu kwa sauti ndogo.

"Hakujua," alisema. "Hakuna aliyejua. Lakini nilipokuwa na uchungu alinishika kiuno tangu alfajiri hadi alasiri, hakuniacha hata kwenda kula. Nani mwingine atanifanyia hivyo? Mimi namtaka Bi Hadia. Namtaka akijua."

Mama alitoka ndani akiwa amejifunga buibui.

"Kadija, twende," alisema.

Tulipita nyumba kwa nyumba kuwaalika wanawake waje kwetu kusema na Mudir. Mama alisema, mimi nilisimama nyuma yake. Wengine walikubali upesi. Wengine waliogopa.

"Waume zetu wamesema hakuna mkunga," mmoja alisema. "Sisi tukisema yupo, si tutawafanya waongo?"

"Kwani ni wakweli?" Mama aliuliza.

"Mume wangu ataniuliza nilikuwa wapi."

"Mwambie ulikuwa nyumbani kwa Ridhwani, nyuma ya mlango, umejifunika. Kuna aibu gani hapo?"

Mgumu kuliko wote alikuwa Bi Hadia mwenyewe.

"Mnanipeleka kwa mtu anayetaka kunifunga," alisema. "Nti imejaa maneno. Yeo hivi, kesho hivi."

"Hutakwenda kwake. Atakuja yeye."

"Nimeshasema mimi si mkunga tena."

Mama hakubishana. Alisema tu, "Mwanatumu amekuulizia."

Kaka Ridhwani alikwenda Faza kumwomba Mudir aje. Aliogopa, lakini alikwenda. Mudir alikubali, kwa sababu naye jibu la Siyu lilikuwa limemshangaza.

Siku hiyo Mudir alikaa dakani pamoja na karani wake, kaka Ridhwani na Bwana Jeilani. Ndani wanawake tulijaa mpaka hapakuwa na pa kuweka mguu. Mlango uliachwa wazi kidogo, pazia likashushwa.

"Nimeambiwa mna ombi," Mudir alisema. "Nawasikiliza."

Wanawake waliosema sana njiani sasa walitazama sakafu. Mtu alinisukuma mgongoni. Nilirudi nyuma nikashika buibui la Mama. Nilidhani shughuli yote imeharibika.

Mwanatumu ndiye aliyesema.

"Mimi ni mke wa Ridhwani. Nina mimba. Siyu kuna mkunga, na jina lake Bi Hadia. Tunaomba afundishwe, apewe ruhusa, aturudie."

Baada ya hapo mlango wote ulisema. "Wangu wote aliwapokea yeye." "Mimi nilizaliwa kwake, na mwanangu kazaliwa kwake." "Mimi alinizalisha mapacha."

"Mmoja mmoja, mama zangu," Mudir alisema. "Naongea na pazia, sijui ni nani anayenijibu. Karani, andika." Kisha akauliza, "Yeye mwenyewe yupo?"

Tulitazamana. Bi Hadia alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na kisima. Sikumwona alipoingia.

"Niko," alisema. "Kama ni kufungwa, nifungeni yeo. Msinipigie mbiu tu."

Nje kaka alikohoa. Nadhani alikuwa akificha kicheko.

"Si kufungwa, Bi Hadia. Ni kufundishwa," Mudir alisema. "Bwana Jeilani, unamruhusu mkeo aende Lamu, akae kwa jamaa, asome kwa nesi?"

Bwana Jeilani aligeukia pazia. "Bi Hadia alinizalia wanangu," alisema. "Hajaniomba ruhusa ya kuzalisha watu wakati wowote. Akitaka, na aende."

Mudir alisema hawezi kuamua peke yake. Atamwandikia daktari wa Lamu. Tulirudi kwenye ukili tusijue tumepata au tumekosa. Jibu lilipokuja, lilikuwa ndiyo. Bi Hadia akaondoka na furushi la nguo kichwani.

Hapo tena Mama alianza kulalamika. "Tumeomba mkunga, sasa tumempoteza. Tumbo liko mlangoni, mkunga yuko Lamu. Hii ni akili gani?" Mwanatumu alihesabu siku kwa vidole, akakosea, akahesabu tena. Kaka alikwenda kumtafuta mwenye mashua, akapatana naye akae tayari ikiwa itabidi kwenda Lamu.

Bi Hadia alirudi kabla ya uchungu. Alikuja na sanduku la bati. Ndani mlikuwa na mkasi, nyuzi, vitambaa safi na sabuni. Alikuwa na karatasi yenye muhuri pia, lakini hiyo alimpa mumewe aiweke. Kwake sanduku ndilo lililokuwa na heshima.

Alituita wanawake wa mtaa akatueleza aliyofundishwa.

"Mkasi na nyuzi huchemshwa, mai yatokote vizuri. Mikono huoshwa kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. Kitovu hakipakwi kitu. Si masizi, si jivu, si samli. Kikauke chenyewe. Tena kuna mambo mimi siyawezi, na msinione nimekataa kwa kiburi. Damu ikitoka nyingi kabla ya mtoto. Mkono ukitangulia. Miguu na uso vikivimba, kitwa kikauma, au mama akapata kifafa. Uchungu ukishinda mchana, ukalala usiku, bila mtoto. Hapo ni hospitali, na twende mapema, mai yakiwa yamejaa. Kila mume awe amepatana mapema na mwenye mashua."

"Na ya zamani yote yalikuwa mabaya?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Daktari aliniuliza ninajuaje mtoto amekaaje tumboni. Nikamwonyesha kwa mkono. Akasema niendelee vivyo hivyo." Bi Hadia alifunga sanduku. "Mengine nimeyalilia, mwenzangu. Nimeyalilia Lamu, nikamaliza."

Uchungu wa Mwanatumu ulianza baada ya sala ya alfajiri. Mimi nilichochea moto na kuchemsha mkasi. Bi Hadia alimshika kiuno kama zamani, akamtembeza, akamkalisha, akamtembeza tena. Mwanatumu alimtukana, kisha akamwomba radhi, kisha akamtukana tena.

"Tukana tu," Bi Hadia alisema. "Unasukuma vizuri ukinitukana."

Jua lilipopanda juu ya ukuta wa ua, mtoto alilia. Ni msichana. Kitovu kilifungwa kwa uzi uliochemshwa, kikakatwa, kikaachwa kikavu. Tulimhesabia siku kwa hofu. Alinyonya siku ya tatu, akanyonya ya saba. Wiki mbili zilipita, na taya zake zilikuwa laini, zikivuta ziwa kwa nguvu. Kitovu kilianguka chenyewe, mahali pake pakawa safi.

Lakini nirudi nyuma kidogo: siku ile ile aliyozaliwa, Mama aliingia chumbani ameshika kifuu. Ndani yake mlikuwa na masizi na mafuta. Sijui aliyakwangua saa ngapi. Nadhani mikono yake ilifanya yenyewe, kwa mazoea. Alisimama akitutazama mmoja mmoja.

Bi Hadia hakumgombeza. Alikipokea kile kifuu, akanipa mimi nikimwage.

"Nipe mjukuu wangu," Mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nitakupa," Bi Hadia alisema. "Mikono kwanza."

Mama aliitazama mikono yake. Vidole vilikuwa vyeusi. Alitoka uani, akachutama penye ndoo, na mimi nikammwagia maji. Alisugua kwa sabuni, akasugua tena, mpaka kwenye kiwiko. Kisha akarudi amenyoosha mikono mbele, ikidondoka maji, akamwonyesha Bi Hadia upande mmoja na upande wa pili.

"Imetosha?" aliuliza.

"Imetosha, mwenzangu. Kaa."

Mama akakaa, akapewa mtoto.