Picha Zilizokosa Mahali

Luhende alimpiga Judica picha kumi na moja kabla hajamjua jina. Ilikuwa sokoni Bariadi, watu wamejaa, pikipiki yake imenaswa kati ya mkokoteni wa mpunga na wauza dagaa, na kamera iliyofungwa juu ya helmeti yake ikifyatua picha kila baada ya sekunde tano. Judica, sketi ya bluu ya ofisini na blauzi nyeupe, aliinua uso kutoka kwenye fungu la nyanya.

"Kaka, hiyo kamera inanitazama mimi au nyanya?"

"Inatazama barabara, dada. Wewe ndiye umeingia."

Jumatatu picha zile zikamfika Judica mezani, maana ndiye aliyehamishwa kutoka Same kuja kuzipanga kwenye ramani ya mradi wa barabara. Kamera ile haijui ilipo, inajua saa tu. Simu mfukoni mwa Luhende ndiyo iliyorekodi njia, na kompyuta huoanisha saa ya picha na saa ya njia. Judica alijitazama mara kumi na moja, kisha akampigia.

"Umenipiga nimenuna."

"Njoo nikupige ukicheka."

Miezi mitano baadaye walikuwa wachumba, wamebakiza wazee kujulishana.

Ndipo ikaja picha ya mwanamke wa kitenge. Mwanamke mzuri, kitenge cha manjano chenye ndege wa kijani, anacheka na kunyoosha mikono amkumbatie mwenye kamera. Ramani ilimweka nje ya gesti moja pembeni mwa mji, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Na njia ilionyesha kweli kwamba Luhende alisimama pale robo saa nzima.

"Nilikuwa naziba pancha," Luhende alisema kwenye simu. "Ng'ambo ya hiyo gesti kuna fundi. Huyo ni dada yangu Salu. Nilipita kwao Sapiwi alasiri."

"Picha ni ya asubuhi, Luhende."

"Judi mpenzi wangu, nakuapia."

"Ramani ina sababu gani ya kunidanganya?"

"Basi olewa na ramani," Luhende akasema, na simu ikakatika. Kesho yake alirudisha kamera ofisini bila kumtazama.

Wiki tatu Judica hakula akashiba. Ijumaa mchana ukaingia ujumbe: "Kesho alfajiri naenda Geita machimboni. Usinitafute." Alipiga, hapatikani. Akapiga tena mpaka vidole vikauma. Mwisho akafungua picha za siku ile, ambazo hakuwa amezigusa tena, ili aone tu mikono ya Luhende kwenye usukani.

Nyingi zilikuwa zimekosa mahali kwenye ramani. Siku ile alidhani ni ukaidi wa kompyuta. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya simu ya Luhende, imeshikwa mbele ya kamera kama utaratibu unavyotaka, ili saa mbili zilinganishwe. Simu ilisema 09:02. Kamera iliandika 03:02.

Akakumbuka. Betri ilikuwa mpya, kamera imesahau saa, na yeye ndiye aliyeishika huku akicheka glavu za Luhende zilizotoboka. "Saa ngapi, baba?" "Saa tatu na dakika mbili." Akabonyeza tatu. Tatu kwa kamera ni saa tisa usiku, simu haijaanza kurekodi njia, na yeye, mtu na diploma yake, hakukumbuka.

Akaongeza saa sita. Picha zikahama zote. Mwanamke wa kitenge akaondoka gesti, akavuka mashamba ya pamba, akatua kwenye ua mmoja Sapiwi, saa tisa na dakika ishirini alasiri.

"Mungu wangu," Judica alinong'ona, "nimemfukuza kwa mkono wangu."

Jioni ileile bodaboda aliyoikodi ilifuata ile nukta ya ramani hadi mlangoni. Mwanamke yuleyule alitoka, leo amevaa khanga iliyopauka. Judica alipiga goti kama alivyowaona wanawake wa huku wakifanya, akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, dada."

Salu alimtazama. "Wewe ndiye wa ramani."

"Ndiye mimi. Yupo?"

Luhende alikuwa kando ya zizi, anafunga begi. Judica alieleza yote, saa, kidole, ile tatu, machozi yakimdondoka.

"Kwa hiyo leo unaniamini kwa sababu kamera imebadili maneno," Luhende alisema.

"Ndiyo. Na naona aibu."

Salu akaja na kile kitenge, kimekunjwa. "Alikununulia wewe. Mimi nilijifunga tu aone kama kinapendeza." Akamzungushia Judica kiunoni. "Simama vizuri, wifi."

"Sijasema nimesamehe, Salu."

"Na mimi sijakuuliza."

Luhende alimgeukia mchumba wake. "Geita naenda, nimeshawaahidi watu. Miezi mitatu. Nikirudi, wazee waende Same." Akatupa begi begani. "Ila utajuaje kama kweli niko Geita?"

"Utaniambia."

Jumamosi, saa nane mchana, simu ya Judica iliita.

"Nimefika, Judi."

"Haya, mpenzi. Umekula?" Wala hakumuuliza yuko sehemu gani.